Damu ya Tumbo Tupu

Mi naitwa Joyeuse, nashona nguo hapa Mususa, mutaa wa Butembo. Ukisikia nasema na sauti kubwa, unisamehe, machine yangu inapiga kelele tangu asubuhi na nimezoea kuishinda. Leo nataka kukuelezea Kahongya. Ni semeki wangu, muke wa kaka yangu Luc. Batu ba Butembo banamujua kwa koti yake nyeupe tu, banasema "ule mama wa labo mwenye sindano isiyouma," na hapo banakomea. Mi nilikaa naye parcelle moja, maji ya robinet moja, choo moja. Donc acha niseme mi.

Alizaliwa Kalunguta, kwa batu ba kulima maharagwe na kahawa. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba siku ya kuchinja kuku, batoto bengine banakimbilia nyama, Kahongya yeye anakimbilia matumbo, anataka kujua hii inafanya kazi gani na hii inaenda wapi. Bibi bote bakasema huyu binti hataolewa. Akasoma, akapata kazi ya labo, akaolewa na kaka yangu, na kaka yangu alikuwa mwanaume muzuri, kama hauamini uliza babinti ba Oicha ba wakati ule, bengine bananichukia mpaka leo.

Luc alikuwa mutu wa kakao. Shamba iko Oicha, muke iko Butembo, na katikati ile barabara unayoijua. Anashuka, anapanda, anakaa kule wiki mingi, anakuja hapa siku kidogo. Kahongya hakulalamika. Alikuwa anasema mwanaume wa kakao ni kama mvua, unamupokea akija.

Sasa kazi yake. Mwaka mumoja alifika hapa Docteur Gustave, mutu wa Kinshasa, mupole, mwenye Swahili ya kuvunjika lakini hapana majivuno. Alileta mradi wa kutafuta kansa ya maini ingali ndogo, mbele échographie, ile machine ya kupiga picha ya tumbo, haijaiona. Hapa kwetu ile ugonjwa inamaliza banaume ba miaka makumi ine kama mutu anavuna. Tumbo inavimba, macho inakuwa manjano, banasema ni sumu, banasema ni bulozi, uchawi wa batu, banazika. Baba yetu pia alienda vile, na tuligombana na jirani muzima juu yake, bure.

Docteur alimuchagua Kahongya kwa kazi ya puce. Aliponiambia hiyo neno, nilicheka mpaka nikachoma kidole na sindano.

"Puce, kama ile kadi ndogo ya telefone? Mutaweka puce mu damu, halafu damu ianze kupiga telefone?"

"We Joyeuse, ufunge kinywa kwanza, usikie," akasema. "Damu ukiizungusha mu machine, nyekundu inashuka chini, juu inabaki maji ya manjano. Mu ile maji muko protéine mingi. Moja inaitwa albumine, hiyo njo imejaa kila fasi, hata ukuwe muzima, hata ukuwe unakufa. Ile ya ugonjwa iko kidogo sana katikati yake. Machine ikisoma, inaona albumine tu."

"Kama mutoto anayelia mu soko siku ya soko kubwa."

"Njo vile! Utamusikia wapi? Rudisha kwanza bachuuzi kwao."

Akanionyesha siku moja. Kakipande kadogo kuliko ukucha, kanangaa, na ukikatazama unaona kako laini tu. Kumbe uso wake una vitundu ambavyo jicho ya mutu haiwezi kuona. Unamwanga ile maji ya damu juu yake. Protéine ndogo zinaingia mu vitundu, zile kubwa zinashindwa mulango, unaziosha zinaenda zake. Kisha unatoa zile ndogo polepole, unazipeleka ku machine ya kusoma. Alikuwa anafanya ile kazi bila kupumua. Mi nashona nguo za bibi-harusi, najua mukono ya mutu anayejua kazi, na mukono yake ilikuwa ile.

Mais puce ilikuwa na sheria moja. Mutu anayetoa damu akuje na tumbo tupu tangu jana yake mangaribi, maji ya kunywa tu. Juu ukikula mafuta, mafuta inaingia mu damu, na mu vile vitundu mafuta inaziba kabisa. Puce imekufa. Hapana kuosha, hapana kurudilia. Kahongya alikuwa anaimbia bagonjwa ile sheria ku mulango, ku telefone, hata kanisani nyuma ya misa. Batu bakaanza kumuita Mama Tumbo Tupu.

Mwisho wa mwaka ule Luc akakuja kwa Noël, nikamuona amepunguka. Suruali niliyomushonea mi mwenyewe inamuanguka. Akasema ni kazi, ni jua. Kahongya akamuvuta ku dirisha, akamufungua jicho na kidole, akatazama ile nyeupe. Kisha akarudi kuosha sahani. Ninamujua yule mwanamuke: akiosha sahani moja mara nyingi, moyo yake haiko pale.

Akamufanyisha échographie. Haikuonyesha kitu cha kueleweka. Akaenda kwa Docteur Gustave, akamuambia wazi: baba yake Luc alikufa na maini, Luc yuko anaisha, namuomba puce. Docteur akasema ndiyo. Na akasema pia neno lenye lilitufufua sote: kama puce inaonyesha alama ingali ndogo, mradi utamupeleka Luc Kampala, bamukate ile kipande, arudi muzima. Ikisha kukuwa kubwa, hakuna dawa. Donc yote ilikuwa pale. Ingali ndogo, Luc anaishi. Imekuwa kubwa, tunamuzika.

Luc alikuwa amesharudi Oicha kuona kakao yake. Bakapanga siku. Na puce zilikuwa zinaisha, zingine zilikuwa zinangojewa kupitia Goma. Ilibakia moja. Docteur akamuwekea Luc ile moja.

Hapa inabidi nikuelezee mama yetu, juu bila yeye hautaelewa kitu.

Mama Kanyere anakaa Oicha, hakubali kutoka. Tulimuomba, tulimukasirikia, hapana. Anasema kaburi za batu yake ziko kule. Tulikuwa na kaka mudogo, Timothée. Siku moja aliamuka, akachukua panga, akaenda shamba mbio, chakula ilikuwa ingali jikoni. Mama akamuita: "Timothée, kula kwanza!" Akajibu nitakula nikirudi. Batu ba pori, bale baasi, balimukuta njiani. Tulipomuletewa, mama hakulilia damu, hakulilia panga. Alilia: "Mwanangu amekufa na njaa." Siku zote za kilio alisema ile neno moja, mpaka tukaogopa akili yake.

Tangu pale, nyumbani kwa mama hakuna mutu anayeshika barabara bila kukula. Na si mama peke yake. Oicha yote, bamama bengi bamekuwa vile. Mutoto anaenda shamba, anaenda Beni, anaenda kanisa tu, anawekewa obundu, ugali ya muhogo, mbele. Banasema: kama ni kukutwa, akutwe ameshiba. Ni desturi iliyozaliwa na vita, na ukiikataa, unamuchoma mama yako kisu. Mi ninabishana na kila mutu, hata na polisi wa barabara, lakini nikiwa kwa mama, ninakula kile kimewekwa, ninafunga kinywa.

Luc alipaswa kushuka siku moja mbele, alale hapa, aamuke na tumbo tupu karibu na labo. Barabara ikafungwa, kulikuwa masasi, bunduki zinalia. Ikafunguliwa asubuhi yake. Kahongya akapiga telefone mapema sana: "Luc, kuja hivi hivi. Usiguse kitu. Maji tu. Umesikia?" Luc akasema amesikia.

Alifika jua ikiwa juu, na mavumbi mpaka ku nyusi. Tukamupeleka labo, nilienda naye mi, juu Kahongya alikuwa tayari amevaa gants zake za mikono. Akamukalisha, akamufunga mukono, akamuuliza kama anavyouliza kila mutu: "Baba, umekula kitu?"

"Hapana."

Akatoa damu. Akaizungusha. Akatoa kile kichupa, akakiinua ku mwangaza, na nikamuona anasimama. Ile maji haikuwa safi kama zile alizonionyesha. Ilikuwa na ukungu kidogo, kama maji uliyosukutia kikombe cha maziwa. Kidogo tu, mi ningesema si kitu.

Akarudi kwa bwana yake. "Luc. Nitazame. Umekula?"

"Nimekuambia hapana, Kahongya. Sijakula."

Kuna bagonjwa ambao damu yao iko vile bila kukula. Anajua hiyo, ni kazi yake. Na mbele yake alikuwa mutu aliyelala naye kitanda moja miaka yote, ambaye hakumudanganyaka hata juu ya bia. Docteur Gustave alimuangalia, akasema: "Ni wewe unajua bwana yako." Akamuamini. Ningekuwa mi, ningemuamini pia. Akaweka puce ya mwisho.

Ikaziba.

Aliketi mbele ya ile machine, mistari inapita bila kupanda wala kushuka, kama barabara isiyo na kilima. Docteur akasema pole, tutangoja zingine, ziko Goma, wiki kidogo tu. Luc alivaa shati yake, akacheka kidogo, akasema basi damu yangu ni nzito, damu ya sisi Banande. Hakuna aliyecheka naye. Akarudi Oicha.

Wiki kidogo! Kisha vita ikaingia Goma, muji ikafungwa. Unajua mwaka gani nasema, hauna haja nikuelezee. Avion hapana, barabara hapana, banque hapana, na puce zetu ziko mu karto fasi fulani, hakuna mutu anajua ni nani amekalia juu yake. Kahongya alikuwa anaandika kwa batu ba mradi, anapiga telefone, anaulizia Kasindi, anaulizia Bunia. Nilimusikia akigombana na mutu wa douane, ule wa ushuru ku mupaka, mpaka nikatoka inje kusikia vizuri, juu mwanamuke huyu hagombani. Alisema, "Baba, mi siombi bidhaa, naomba bwana wangu."

Na Luc? Luc alipata nguvu kidogo! Hiyo njo iliniuma zaidi. Alinenepa kidogo ku shavu, kakao ilikuwa na bei, alikuwa anaimba. Akasema muone, ilikuwa uchovu tu. Mi nikamuamini, juu nilitaka. Kahongya hakuamini, lakini ufanye nini? Hauwezi kutazama mu mutu na macho.

Puce zilipofika, zilipitia Uganda, na mvua ilikuwa imesharudi. Luc akashuka, akalala hapa Mususa, akaamuka na tumbo tupu, Kahongya mwenyewe alimulinda kama mutu analinda mutoto asitoke. Damu ikatoka, maji ikawa safi, ya manjano, ya kungaa. Puce ikafanya kazi yake muzuri. Zile kubwa zikaoshwa, zile ndogo zikabaki, machine ikazisoma, na ule mustari ukapanda juu mpaka hata mi niliyesoma ku primaire tu nilielewa. Bakarudilia échographie. Sasa ilikuwa inaonekana bila shida. Ilikuwa kama ngumi ya mutu muzima, na zingine ndogo pembeni yake.

Docteur alituma picha Kampala. Munganga wa kule alijibu siku ile ile. Hatakata.

Njo pale Luc alisema. Alikuwa amelala ku kitanda ya hospitali, ametazama ukuta. "Kahongya, unisamehe. Ile siku ya kwanza nilikula."

Kahongya alikuwa anapanga mufariji, ile blanketi yake. Akaendelea kupanga.

"Mama aliamuka mbele yangu. Alichinja mbuzi, Kahongya, mbuzi muzima, juu barabara ilikuwa na masasi jana yake. Alipika supu, akaweka mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya mawese, juu, akasimama ku mulango na sahani. Nilimuambia munganga amekataza. Akaniambia: Timothée pia alisema atakula akirudi. Ningefanya nini? Nikakula. Na pale ku labo nilisema, nikimuambia Kahongya, atamupigia mama telefone, atamugombeza. Nikasema supu kidogo itafanya nini mu damu ya mutu."

Mi nilitaka kumupiga. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilitaka kumupiga kaka yangu mugonjwa, na nilitaka kupanda moto, pikipiki, siku ile ile mpaka Oicha nikavunje zile sufuria. Nilitoka inje, nikatukana ukuta. Maji ikisha kumwangika haizoleki, bazee balisema, na balisema vizuri, lakini haisaidii kitu.

Kahongya aliketi pembeni yake, akamushika mukono. "Ilikuwa tamu?" akamuuliza.

"Sana," akasema Luc. Na bakalia, bote babili.

Alikufa hapa Mususa, nyumbani, asubuhi, tunamugeuza. Mama alikuwa amekuja. Njia yote kutoka Oicha alishika mufuko wa unga wa muhogo ku magoti.

Ku kilio batu balijaa mpaka ku barabara. Batu ba kakao, bakristu, batu ba labo. Docteur Gustave alikuja pia, akaketi kati ya banaume, na mutu mumoja akamuuliza, Docteur, hii ugonjwa munaizuia namna gani? Na yeye, mutu muzuri, hakujua desturi yetu wala kitu kilichotokea Oicha, akaelezea na ile Swahili yake. Akaelezea puce. Akaelezea tumbo tupu. Akasema hata ya marehemu, damu ya kwanza ilikuwa na mafuta, ikaharibu puce, tukapoteza miezi. Akasema yote wazi, na mama alikuwa ameketi chini ku mukeka, karibu sana, na masikio yake ni mazima.

Nilimuona mama akiacha kulia. Aliacha tu, kama mutu anayehesabu kitu. Kisha akaita: "Kahongya."

Kahongya akakuja, akapiga magoti mbele yake.

"Mwanangu, sikiliza. Ile siku ya kwanza alitoka kwangu. Mi nilimupa supu ya mbuzi. Nilimulazimisha." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini bamama bote bakageuza kichwa. "Uniambie mi ukweli. Ni supu yangu ilimuua?"

Nikamutazama Docteur Gustave. Alikuwa amefungua kinywa, ameelewa kile amefanya. Nikamutazama na macho yangu yote, na kama macho ingekuwa mukono, angekuwa amefungwa kinywa na mukono. Akainamisha kichwa.

Kahongya hakumutazama Docteur wala mi. Kazi yake yote, miaka yote, ni kuondoa kile kinachofunika ili kile kidogo kionekane. Alimutazama mama usoni.

"Hapana, mama," akasema. "Ile siku ilikuwa imeshachelewa. Ilikuwa tayari kubwa. Hata angekuja na tumbo tupu, hakuna kitu tungefanya."

"Hapana unihurumie."

"Sikuhurumii, mama. Mi njo nilitoa damu. Mi najua."

Mama alitoa rozari mu shingo, akamuwekea mu mukono. "Apa."

Yesu Maria, nilisema mu moyo, mama, usifanye hivyo. Kahongya ni mukristu wa kweli, anaenda misa ya asubuhi hata siku ya mvua ya mawe. Nilimuona anaishika ile rozari. Vidole vyake vilikuwa vile vya kazi.

"Naapa, mama. Supu yako haikumugusa. Aliniambia ilikuwa tamu sana."

Mama alipumua pumzi ndefu. "Wasingya, Mungu wangu," akasema na Kinande, aksanti. "Donc mwanangu alikula vizuri kwangu." Na akaanza kulia tena, lakini kilio kingine, kile cha mama anayelilia mutoto wake tu. Baadaye aliegemea ku bega ya jirani, akalala pale pale ku mukeka, mara ya kwanza tangu afike.

Kuna batu baliniambia baadaye kwamba kuapa uongo na rozari ni zambi kubwa. Niliwajibu: kama Mungu anamuhesabia Kahongya kile kiapo, akuje kwanza kwangu Mususa, tuongee.

Mais ile siku, mama aliposinzia, sikumuona tena Kahongya. Nikamukuta nyuma ya nyumba, ku mapipa ya maji, amechuchumaa, kitambaa mu kinywa ili sauti isitoke. Nikachuchumaa pembeni yake. Akatoa kitambaa.

"Ilikuwa ndogo, Joyeuse," akasema. "Échographie haikuiona. Ile siku ilikuwa ndogo sana, ilikuwa ya kukata."

"Najua," nikasema.

"Usimuambie."

"Sitamuambia."

Nikamushika pale chini, na mi nikalia naye, polepole, juu dirisha ilikuwa wazi na mama alikuwa amelala.